Luano: Mfanyakazi akiumia kazini, avoka achukue sehemu gani ya malipo?

LUBUMBASHI, Haut-Katanga – Mkono uliokatwa na mashine haurudi. Kinachoweza kurudi ni pesa kidogo za kumsaidia mwenye mkono huo kuishi na kulisha watoto. Huko Luano, kaskazini-mashariki mwa mji wa Lubumbashi, watu wanaishi kwa kazi za uwanja wa ndege, za madepo, za makamyo, za ujenzi na za migodi iliyo karibu. Kwa familia zao swali ni hili: mfanyakazi akiumia, kampuni ikakubali kulipa, avoka aliyefuata dosie ana haki ya kuondoka na sehemu gani?

Wengine wanaona avoka anayechukua asilimia 30 au 40 ya pesa za mtu aliyepoteza mguu ni mwizi mwenye diploma. Wengine wanasema bila avoka huyo kampuni isingetoa hata franka moja, kwa hiyo kila mtu ale jasho lake. Pande zote mbili zina hoja. Lakini kabla ya kuhukumu ni lazima kujua pesa zinatoka wapi, kwa sababu si kila pesa anayolipwa aliyeumia inahitaji avoka.

Pesa za CNSS si pesa za kesi

Sheria ya Congo haimwachi aliyeumia kazini mikononi mwa huruma ya mwajiri. Tangu sheria-amri ya tarehe 29 Juni 1961, nchi ina mfuko unaolipa ajali za kazi na magonjwa yanayotokana na kazi. Mfuko huo uliitwa INSS kwa miaka mingi. Leo unaitwa CNSS, yaani Caisse Nationale de Sécurité Sociale, na unaongozwa na sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016.

Utaratibu wake si mgumu kuelewa. Kila mwajiri analazimika kuandikisha wafanyakazi wake na kulipa mchango. Kwa pensheni ya uzee, mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri anaongeza asilimia 5. Lakini kwa fungu la ajali na magonjwa ya kazi, mchango wa asilimia 1.5 unatoka mfukoni mwa mwajiri peke yake. Mfanyakazi hachangii kitu hapo, kwa sababu hatari ni ya kazi, na kazi ni ya mwajiri.

Mtu akiumia, mwajiri anapaswa kutangaza ajali kwa CNSS na kwa inspeksio ya kazi. Matunzo yanalipwa. Akibaki na ulemavu wa kudumu, daktari anapima kiwango chake kwa asilimia. Ulemavu unaofika asilimia 15 au zaidi unampa haki ya malipo yanayoendelea, yale yanayoitwa rente. Ulemavu ulio chini ya hapo unalipwa mara moja na dosie inafungwa. Mfanyakazi akifa, mjane na watoto wana haki yao.

Katika njia hiyo yote hakuna mahali ambapo sheria inadai avoka. Haulizwi nani alikosa. Hakuna haja ya kuonyesha kwamba bosi alizembea au kwamba fundi hakuvaa glavu. Kinachotakiwa ni mambo matatu: kwamba mtu alikuwa kazini, kwamba ajali ilitokea, na kwamba daktari ameandika alichoona. Hiyo ni kazi ya karatasi, na delege wa sendika anayejua kusoma fomu anaweza kuisindikiza hadi mwisho.

Kwa hiyo avoka anayekata asilimia kwenye malipo ya CNSS ambayo hayakupingwa na mtu anauza mlango uliokuwa wazi. Anaweza kuombwa asaidie kuandika, na hapo alipwe kwa kazi ya kuandika. Lakini kuchukua theluthi ya haki ambayo ingefika hata bila yeye, hilo ni jambo jingine.

Ubaya wake unaonekana zaidi kwenye malipo ya kila mwezi. Tuweke mfano wa hesabu tu. Mtu amepewa malipo yenye thamani ya dola 60 kwa mwezi, na ametia sahihi karatasi inayompa avoka asilimia 30 ya kila malipo. Hizo ni dola 18 kwa mwezi, dola 216 kwa mwaka. Aliyeumia akiishi miaka 20, avoka atakuwa amepokea dola 4,320 kwa dosie iliyofungwa zamani.

Kesi inapoanzia

Shida ni kwamba njia ya CNSS mara nyingi imefungwa kabla ya ajali kutokea. Kuna mwajiri asiyeandikisha watu wake. Kuna anayewaandikisha na kutaja mshahara mdogo kuliko wanaoulipwa. Na kuna wale wafanyakazi wa siku, majurnalie, ambao jina lao liko kwenye daftari la kapita tu. Siku ya ajali, daftari halionekani.

Juu ya hayo kuna kazi za kupitia kampuni za katikati, zile zinazoitwa sutretansi. Mwezi Novemba 2021, shirika la Uingereza RAID, pamoja na kituo cha msaada wa sheria cha CAJJ cha hapa Congo, walitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa ya kobalti na shaba katika jimbo jirani la Lualaba. Walikuta kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa migodi hiyo waliajiriwa kupitia kampuni za namna hiyo. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 inapanga biashara ya sutretansi. Lakini kwa aliyeumia swali la kwanza linabaki lile lile: mwajiri wangu ni nani? Mwenye mgodi anasema nenda kwa mwenye kontra. Mwenye kontra anasema kontra imekwisha.

Hapo ndipo kesi inaanza. Inaanza pia pale mwajiri anapokataa kwamba mtu aliumia kazini, au pale mtu wa nje, kwa mfano dereva wa kamyo ya kampuni nyingine, ndiye aliyesababisha ajali. Kifungu cha 258 cha Code civil ya Congo, kitabu cha tatu, kinasema kila tendo la mtu linalomletea mwingine hasara linamlazimisha mwenye kosa kurekebisha hasara hiyo. Madai ya namna hii yanataka ushahidi, daktari wa kupima upya, mashahidi wasioogopa kupoteza kazi, na mtu anayejua kusema mbele ya tribinali.

Mgogoro kati ya mfanyakazi na mwajiri wake hauendi mbele ya tribinali moja kwa moja. Code ya kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka upite kwanza kwa inspekta wa kazi ili ajaribu kupatanisha. Mbele ya inspekta mfanyakazi anaweza kusindikizwa na sendika. Wakipatana, inspekta anaandika karatasi ya mapatano. Wakishindwa, anaandika kwamba wameshindwa, na karatasi hiyo ndiyo ufunguo wa kuingia tribinali ya kazi. Tribinali hizo ziliundwa na sheria namba 016/2002 ya siku ile ile, na ndani yake mwamuzi anakaa pamoja na wajumbe kutoka upande wa waajiri na upande wa wafanyakazi.

Muda nao unakimbia. Kwa kawaida madai yanayotokana na kontra ya kazi yanakufa baada ya miaka 3, na yale ya mshahara baada ya mwaka 1. Aliyekaa nyumbani akingoja ahadi za bosi anaweza kufika kwa inspekta akiwa amechelewa.

Hoja ya maavoka

Haki ni kuwasikiliza maavoka nao. Kesi ya ajali haiishi kwa wiki mbili. Ikitoka kwa inspekta inaenda tribinali, ikitoka tribinali inaweza kwenda kwa rufaa, na kampuni yenye uwezo inaweza kuisukuma hadi Cour de cassation huko Kinshasa. Hata hukumu ikipatikana, bado kuna kazi ya kuifanya itekelezwe. Muda huo wote kuna karatasi za kulipia, nakala, safari, na ofisi ya kulipa kodi.

Aliyeumia hana pesa ya kutanguliza. Mshahara umekatika na dawa zinanunuliwa. Kumwambia alipe kwa saa, kama kampuni kubwa zinavyolipa maavoka wao, ni kumfungia mlango. Ndiyo maana mapatano ya asilimia yanazaliwa: avoka anabeba gharama na hatari ya kushindwa, na akishinda anapata fungu. Akishindwa, amefanya kazi ya bure. Bila mpango wa namna hii, wengi wangebaki na karatasi ya daktari mkononi na hakuna wa kuisoma.

Hoja hiyo ina nguvu pale hatari ilipo ya kweli. Inapungua nguvu pale avoka anapojua tangu siku ya kwanza kwamba kampuni imekwisha kukubali kulipa na kinachobaki ni kusaini.

Asilimia ya nini?

Tuchukue mfano mwingine wa hesabu, si wa mtu fulani. Fundi amepoteza vidole vitatu. Kabla hajaona avoka, kampuni ilimwahidi dola 2,000. Avoka ameingia, ameandika barua, amesimama mbele ya inspekta, na kampuni imefika dola 6,000. Mapatano yao ni asilimia 30, pamoja na dola 300 za gharama.

Avoka akihesabu asilimia juu ya pesa zote, anachukua dola 1,800. Toa na 300 za gharama, fundi anabaki na dola 3,900. Lakini avoka akihesabu juu ya kile alichoongeza tu, yaani dola 4,000, anachukua dola 1,200, na fundi anabaki na dola 4,500. Tofauti ni dola 600. Kwa familia yenye baba asiyeweza kushika nyundo tena, dola 600 ni kodi ya nyumba, ni unga wa bukari, ni minervali ya mtoto wa sekondari.

Na kama avoka hakuongeza kitu? Kampuni ikibaki kwenye dola 2,000 zake, asilimia 30 ya jumla ni dola 600 zilizotoka kwa fundi bila yeye kupata faida yoyote. Kwa hesabu ya pili avoka angepata gharama zake tu. Hapo kipimo cha haki kinajionyesha: malipo yafuate kile kazi ya avoka ilichozaa. Asilimia 30 ya pesa zilizopiganiwa miaka 3 inaweza kuwa halali, na asilimia 10 ya pesa zilizokuwa mezani tangu mwanzo inaweza kuwa dhuluma.

Jambo hili halisemwi siku ya kutia sahihi. Karatasi imeandikwa kwa Kifaransa cha sheria. Anayeisaini anaongea Kiswahili au Kibemba, ana maumivu, na ana deni la hospitali. Mwenye njaa hana miiko. Atatia sahihi asilimia yoyote, kwa sababu siku hiyo pesa zote bado ni ndoto.

Baro inasema nini

Kazi ya uavoka nchini Congo inapangwa na sheria-amri namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979. Kila avoka yuko chini ya baro, na baro ina mkuu wake, batonie, pamoja na baraza lake. Batonie na baraza ndio wanaosikiliza malalamiko ya mteja anayeona malipo ya avoka, yale yanayoitwa onorere, yamepita kiasi. Kwa watu wa Luano, mlango huo uko mjini, kwenye Baro ya Haut-Katanga.

Mapokeo ya sheria ambayo Congo imerithi hayapendi avoka awe mshirika katika kesi ya mteja wake. Code judiciaire ya Ubelgiji, katika kifungu cha 446ter, inakataza malipo yanayotegemea matokeo ya kesi peke yake, na inalipa baraza la baro uwezo wa kupunguza malipo yaliyovuka mpaka wa kiasi. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 31 Desemba 1971, inakataza vilevile malipo yanayotegemea matokeo tu. Hata hivyo inaruhusu nyongeza ya ushindi juu ya malipo ya kawaida, mradi imekubaliwa mapema.

Sababu ya katazo hilo si wivu juu ya pesa za maavoka. Avoka mwenye fungu kubwa ndani ya kesi anaweza kuanza kufikiria fungu lake kuliko mteja. Kampuni ikitoa dola 3,000 leo, na kesi ikiendelea mwaka mmoja inaweza kuzaa dola 8,000, avoka mwenye dosie hamsini anaweza kuona bora kumaliza leo. Kwake ni dola 900 za haraka. Kwa mteja ni dola 3,500 zilizopotea kabisa, kwa sababu akisaini mapatano ya mwisho, ni vigumu sana kurudi nyuma.

Baro zina pia ofisi ya ushauri wa bure, Bureau de consultations gratuites, kwa wasio na uwezo. Mtu mwenye karatasi ya ufukara anaweza kupewa avoka bila kulipa onorere.

Majirani walifanya nini

Congo si nchi ya kwanza kujiuliza swali hili. Nchini Kenya, sheria ya fidia za ajali kazini ya mwaka 2007, inayojulikana kama WIBA, iliondoa madai haya mahakamani na kuyapeleka kwanza kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Kwa ulemavu kamili wa kudumu, sheria hiyo inahesabu mishahara ya miezi 96. Chama cha mawakili wa Kenya kiliipinga. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilikubaliana nacho kwa vifungu kadhaa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikageuza sehemu kubwa ya uamuzi huo. Na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala kwa kukataa rufaa ya mawakili. Hoja yao ilikuwa kwamba mfanyakazi ananyimwa haki ya kwenda mahakamani. Hoja ya upande wa pili ilikuwa kwamba aliyeumia anahitaji malipo ya haraka kuliko kesi ndefu. Tena sheria ya mawakili ya Kenya, katika kifungu cha 46, inabatilisha mapatano ambayo wakili analipwa pale tu anaposhinda.

Tanzania ilichagua njia ya mfuko. Sheria yake ya fidia kwa wafanyakazi ni ya mwaka 2008, na mfuko wake, WCF, ulianza kazi Julai 2015. Madai yanapelekwa kwenye mfuko wenyewe.

Afrika Kusini ilikubali asilimia, lakini ikaiwekea kamba. Sheria ya mwaka 1997 inasema wakili anayefanya kazi kwa mapatano ya ushindi hawezi kuchukua zaidi ya mara mbili ya malipo yake ya kawaida, na katika madai ya pesa jumla hiyo isipite asilimia 25 ya kilichopatikana. Baadhi ya mawakili walijaribu kuiruka kamba hiyo kwa wahanga wa ajali za barabarani. Mwezi Februari 2014 Mahakama ya Katiba ikathibitisha kwamba mapatano yaliyo nje ya sheria hiyo hayana nguvu.

Nchi hiyo hiyo ilitoa funzo la pili kupitia wachimbaji wa dhahabu walioharibiwa mapafu na vumbi. Tarehe 26 Julai 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilipitisha mapatano ya randi bilioni 5 kati ya wachimbaji na kampuni sita. Mfuko uliozaliwa hapo, Tshiamiso Trust, umekuwa ukiwaambia wachimbaji na wajane wao, hata wale wa Lesotho na Msumbiji, kwamba kupeleka dai ni bure na hakuna haja ya kumlipa mtu wa katikati.

Funzo chungu zaidi linatoka Uingereza. Kuanzia mwaka 1999 serikali ya huko ililipa fidia wachimbaji wa makaa ya mawe waliougua mapafu na mikono. Madai yalipita 700,000. Serikali ilikuwa inawalipa mawakili wenyewe kwa kila dosie. Hata hivyo, baadhi ya mawakili walikata asilimia nyingine kwenye pesa za wachimbaji, wengi wao wazee na wajane wasiojua kwamba wakili amekwisha kulipwa. Mwezi Desemba 2008, wakuu wawili wa ofisi ya mawakili ya Beresfords mjini Doncaster walifutwa kwenye orodha ya mawakili. Mawakili wengine nao walilazimika kurudisha pesa.

Huko Doncaster sheria ilikuwepo, serikali ilikuwa na pesa na maktaba ya kila mtaa ilikuwa wazi, na bado wachimbaji walikatwa. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia mzee mmoja mmoja kwa lugha yake: pesa hii ni yako yote.

Kabla ya kutia sahihi

Kwa aliyeumia leo huko Luano au popote Haut-Katanga, kuna mambo machache yanayoweza kumwokolea pesa nyingi.

La kwanza, aanze na CNSS na inspekta wa kazi kabla ya kutafuta avoka. Aulize kama ajali imetangazwa na kama jina lake limeandikishwa. Mwajiri akinyamaza, mfanyakazi mwenyewe, familia au sendika wapeleke habari. Atunze karatasi zote: ya daktari wa siku ya kwanza, karatasi ya mshahara, kadi ya kazi, hata picha ya mavazi yenye nembo ya kampuni.

La pili, mapatano na avoka yaandikwe, na yasomwe kwa lugha anayoielewa mteja, mbele ya mtu anayemwamini. Yaseme asilimia ni ya nini: ya pesa zote au ya zilizoongezeka. Yaseme kama malipo ya CNSS yamo au hayamo. Yaseme gharama zinatolewa kabla ya kuhesabu asilimia au baadaye. Na yaseme nani analipa gharama kesi ikishindwa.

La tatu, asisaini karatasi yenye nafasi tupu, wala asimpe avoka ruhusa ya kukubali kiasi chochote bila kumuuliza. Kukubali au kukataa pesa za mwisho ni haki ya aliyeumia, si ya avoka.

La nne, aombe kuona barua ya kampuni inayotaja kiasi chenyewe. Mteja asiyejua kampuni ililipa ngapi hawezi kujua avoka alichukua ngapi. Pesa zikipita mikononi mwa avoka, mteja ana haki ya hesabu iliyoandikwa na risiti.

La tano, akiona amedhulumiwa, aende kwa batonie na karatasi zake. Kelele za mtaani hazirudishi pesa. Malalamiko yaliyoandikwa, yenye tarehe na nakala, yana nguvu zaidi.

Kilichobaki kwa wakubwa

Mzigo huu hauwezi kuachiwa majeruhi peke yake. Inspekta wa kazi, anapoandika mapatano, anaweza kumuuliza mfanyakazi kama ameelewa kiasi anachopata mkononi baada ya makato yote, na jibu likaandikwa. Kampuni zinaweza kulipa fungu la mfanyakazi kwenye akaunti yake mwenyewe na la avoka kwenye akaunti ya avoka, kwa njia mbili zinazoonekana. Baro inaweza kutangaza, kwa Kiswahili, mpaka wa malipo katika dosie za ajali za kazi, ukibandikwa kwenye mlango wa inspeksio na wa CNSS. Na sendika, ambazo zinakata michango ya wafanyakazi kila mwezi, zinaweza kuwa na mtu mmoja tu anayejua njia ya CNSS kutoka mwanzo hadi mwisho.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji sheria mpya kutoka Kinshasa. Avoka anayefanya kazi nzuri hatapoteza kitu, kwa sababu atalipwa kwa kile alichozaa na mteja wake atamleta jirani. Atakayepoteza ni yule anayeishi kwa kutegemea kwamba mtu mwenye maumivu hajui kuhesabu.